Usilibane Gauni

4 Februari

Kwako Dada, Kengele mpendwa,

Kwa majonzi makubwa, na baada ya kuugua kwa muda mfupi, natangaza kifo cha kitambi changu. Marehemu alizaliwa mwaka ule nilipooa, akalelewa na mapishi ya wifi yako, akakua mpaka akawa anatangulia kuingia mlangoni kabla yangu. Ameacha mkanda mmoja uliotobolewa matundu mapya kwa msumari, suruali kadhaa zilizobaki yatima, na mjane, yaani meza yangu ya kukatia nguo, aliyezoea kuegemewa naye kutwa nzima. Mazishi hayatakuwapo, kwa kuwa mwili haujulikani ulikoenda.

Najua unacheka. Cheka tu, miye kazi yangu ni kukuchekesha, maana tangu masikio yako yalipostaafu kabla yako, simu imekuwa kazi ya kupiga kelele mpaka majirani wajue siri za ukoo. Na meseji huzitaki, unasema kidole gumba chako ni kinene kuliko kitufe. Basi tutaandikiana kama wachumba.

Wateja wananisifu. Juzi yule mwalimu mkuu wa suti za kijivu kaingia dukani, kasimama kabisa. "Fundi, umerudi ujanani! Unakula nini siku hizi?" Nikamwambia nakula matusi ya wateja, hayana mafuta. Na nguo zangu, jioni nikimaliza za watu, nazibana mwenyewe. Fundi aliyevaa suruali inayomning'inia ni kama kinyozi mwenye nywele timutimu, nani atamwamini? Nikipungua kidogo, nachukua mshono wa nyuma kidogo. Mambo yanakwenda. Wifi yako anaona nimependeza.

Tumbo lipo, linasokota nikishakula, lakini ni vile vidonda vya zamani. Muuza dawa kanipa dawa nyingine, ya rangi ya waridi, nzuri kuitazama.

Sasa habari yenyewe. Binti yangu anaolewa Agosti. Wewe ndiye shangazi mtu, kiti chako ni cha mbele, na gauni lako nitalishona mimi. Usinitumie vipimo. Ulipokuja mwaka jana nilikupima kwa mkono wangu, na mwili wako naujua kama njia ya kwenda dukani.

Mdogo wako,
Mkasi


23 Februari

Mdogo wangu Mkasi,

Tangazo lako la msiba nimelisahihisha. Maksi saba kwa kumi. Lugha nzuri, mpangilio mzuri. Umepoteza tatu kwa sababu hukutaja chanzo cha kifo.

Nakuuliza, maana mtu hapungui bure. Wewe si mtu wa kujinyima. Wewe ulipokuwa mtoto ulilia kwenye msiba wa jirani kwa sababu chakula kilichelewa. Leo unaniambia kitambi kimeondoka chenyewe, kama mpangaji, bila hata kuaga?

Baba naye alipoanza kupungua tulimsifu. Unakumbuka? Mama alisema ameacha kula ovyo. Akavaa koti la ujanani, tukapiga makofi sebuleni. Kisha tukaambiwa tumbo. Basi, tumbo, kama vile tumbo ni jina la ugonjwa. Na kabla yake dada yake, naye tumbo. Sisi ukoo wetu unakufa kwa kiungo, si kwa maradhi. Hatukuwahi kuuliza tumbo lilikuwa na nini ndani.

Nenda hospitali. Hospitali, nimesema, si kwa muuza dawa wako na vidonge vyake vya waridi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nimeliandika hilo ubaoni mara nyingi mno, sitaki kuja kulisoma kwenye mazishi yako.

Mimi mzima. Nimeanza kutembea asubuhi, mwili unakuwa mwepesi. Gauni liwe la buluu, na usinishonee shingo kubwa, mimi si msichana.

Mwambie wifi yangu nampenda, na asikuamini.

Dada yako,
Kengele


19 Aprili

Dada Kengele,

Nimekutii. Weka kumbukumbu, halitatokea tena.

Nilikwenda hospitali. Daktari ni binti mdogo, nilidhani ametumwa kuniletea maji. Akanipima damu, akasema imepungua sana, nikamwambia huku nje kila kitu kimepungua. Akanipa vidonge vya madini ya chuma. Kisha akaniandikia vipimo viwili ambavyo sitakueleza vyote, kwa heshima ya wazazi wetu. Kimoja ni mpira mwembamba wenye kamera, unaumeza kama nyoka. Kingine ni mpira kama huohuo, ila wenyewe haupitii kinywani. Siku nzima kabla yake nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na nikalitaja jina lako mara nyingi, si kwa wema.

Majibu: juu safi, chini safi! Vidonda hakuna. Uvimbe hakuna. Nimetazama ndani yangu kwenye televisheni, Dada, na nakuhakikishia ndugu yako ni msafi kuliko wengi wanaokwenda na tai. Nilitoka pale nikinunulia watu soda. Wifi yako alilia, akasema amelala na hofu tangu ulipomtumia ile salamu yako.

Daktari anataka kipimo kingine, cha katikati. Madaktari nao ni kama mafundi, kazi ikiisha wanatafuta kifungo cha kukaza. Nimemwambia baada ya harusi. Sasa hivi nina suti ya bwana harusi, nguo za wasimamizi, na mama mkwe mtarajiwa anayebadilisha mawazo kila akipita dukani. Nikilala wodini nani atazikata?

Gauni lako limekamilika. Nimempa yule jirani yako anayekuja huku kununua vitambaa. Buluu, shingo ya heshima. Livae, ujitazame kwenye kioo, kisha uniandikie sifa. Zisipungue kurasa mbili.

Msafi wa juu na chini,
Mkasi


10 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u msafi. Nimesoma barua yako mbele ya picha ya Mama ukutani, sijui kwa nini, labda nilitaka naye asikie.

Sasa sifa zako. Gauni limenipwaya. Begani sawa, mikono sawa, lakini kiunoni ngumi yangu inaingia yote na bado inabaki nafasi ya kugeuza. Nimesimama mbele ya kioo kama mtoto aliyevaa gauni la shangazi yake, na shangazi mwenyewe ni mimi! Macho yamezeeka, mdogo wangu. Au ulikuwa unakata huku unaota mchuzi wa harusi. Ulijitapa kwamba mwili wangu unaujua kama njia ya kwenda dukani. Safari hii umepotea njia.

Usihuzunike. Nimempelekea fundi wa hapa mtaani, yule kijana mwenye redio, alibane. Amesema hata hutajua ni nani aliyekosea.

Mimi naendelea kutembea, ingawa siku hizi nachoka nikifika kwenye kona ya posta, napumzika kwenye kile kizingiti. Uzee. Nawe kipimo cha katikati ukifanye. Binti wa watu hakusoma miaka yote ile ili akutafutie vifungo.

Dada yako mwenye kiuno kinachoogelea,
Kengele


6 Juni

Dada,

Gauni halikuwa na kosa. Nimeanza na hilo ili hata kama hutamaliza barua uwe umelisoma.

Naandika nikiwa kitandani, wodi ya upasuaji, karatasi ipo juu ya sinia la chakula ambacho sikukigusa. Dawa ya maumivu inanifanya nione mistari miwili palipo na mmoja, kwa hiyo mwandiko usinisahihishe. Wifi yako yuko pembeni, amekataa kwenda nyumbani.

Uliniambia sikutaja chanzo cha kifo, ukaninyima maksi tatu. Acha nikijaze.

Tumbo langu halikuanza mwaka huu. Lilianza mwaka jana, kabla hata hujaja. Nikila, baada ya kitambo linajikunja, linakaza, kama mtu anayevuta uzi wa marinda, halafu linaachia. Nikagundua kwamba nikila kidogo linakaza kidogo. Basi nikala kidogo. Ndiyo siri ya ule ujana wangu uliorudi. Kisha choo kikawa cheusi, cheusi kama lami, kinanata. Yule daktari aliponiuliza kimeanza lini, nilisema baada ya vidonge vyake vya chuma, maana nilishasikia kwamba vidonge hivyo hufanya hivyo. Nilijua kilianza zamani kabla yake. Alinitazama, akaandika nilichosema. Kwa nini asiniamini? Mbele yake alikaa mtu mzima mwenye suruali iliyomkaa vizuri kuliko ya mganga mkuu.

Zile kamera mbili sikukudanganya. Zilikuwa safi kweli. Nilichokuficha ni alichosema baadaye. Alinichorea kwenye karatasi. Mpira wa juu unafika mahali unaishia. Wa chini nao unafika mahali unageuka. Katikati yake kuna utumbo mwembamba, mrefu kuliko chumba hiki, umekunjwakunjwa, na hakuna hata kimoja kati ya vile viwili kilichoupita. Ni sawa na kukagua pindo la juu na pindo la chini, halafu ukamwambia mteja kitambaa hakina tundu. Mimi, Dada, mimi! Ndiyo kazi yangu. Alitaka nipigwe picha, au nimeze kidonge chenye kamera ndani kinachosafiri kutwa kikipiga picha njiani. Nikasema baada ya harusi. Akasema, "Baba, damu haiishi mwilini bila pa kutokea." Nikamwambia nimemsikia.

Kumbe nilikuwa nimeogopa. Hilo nalo liandike. Koti la Baba nililiona kila nilipopitisha sindano.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeinama mezani nakata suti ya bwana harusi, tumbo likakaza na halikuachia. Nikatapika chakula, nikatapika maji, nikatapika kitu cha kijani. Tumbo likajaa upepo, likawa ngoma. Nilipokuwa sakafuni nilimwambia wifi yako, "Tazama, marehemu kafufuka." Hakucheka. Walinifikisha mapokezi, shati likagoma kuvulika, mhudumu akalipasua kwa mkasi kutoka juu mpaka chini. Huko nyumbani nilikuwa nalala na sweta, nikidai baridi, na nguo nabadilishia dukani. Kwa hiyo pale chini ya taa ndipo mke wangu aliponiona. Bila nguo niliyoikata mwenyewe. Alitazama mbavu zile, akamuuliza mhudumu, "Huyu ndiye niliyemleta?" Kama vile walikuwa wamembadilishia mtu.

Picha ilionyesha uvimbe umezunguka utumbo mwembamba na kuubana, ukabaki upenyo wa kupitisha uzi. Walinipasua usiku uleule, wakakata kipande, wakaunga ncha mbili. Nimemwuliza daktari wa upasuaji ameshona kwa mshono gani, akanieleza, na ni mshono mzuri. Kinyama walikipeleka maabara. Ni saratani. Saratani ya utumbo mwembamba. Anasema ni ya nadra, na hujificha. Wengi hugunduliwa kama mimi, utumbo ukishaziba. Imefika kwenye tezi, na kuna madoa kwenye ini. Nikipata nguvu wataanza kunipa dawa za kupitisha mshipani. Nikamwuliza kama nitafika Agosti. Akasema ingekuwa vyema harusi tuiwahishe. Nimeelewa. Itakuwa katikati ya Julai.

Sasa sikiliza, Kengele usiyesikia, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Nilimwuliza nimeipata wapi. Sigara sikuvuta, pombe ni ya sikukuu. Akasema kwa wagonjwa wengi hawajui. Kuna wanaoanza na ugonjwa wa utumbo wa miaka mingi, kuna vinyama vinavyoota ndani na kugeuka saratani, na wengine hawana chochote cha kuonyesha. Kisha akaniuliza Baba alikufa kwa nini. Nikasema tumbo. Akaniuliza nani mwingine. Nikasema dada yake Baba, tumbo. Akaweka kalamu chini. Wakaenda kupima tena kile kinyama, na baadaye damu yangu. Majibu yamekuja jana. Nimerithi hitilafu, Dada, iko ndani ya vinasaba, inatoka kwa mzazi. Kila mtoto wa mwenye nayo ni kama sarafu iliyorushwa: ama anayo, ama hana. Yangu imeshaanguka. Yako bado iko hewani. Na haing'ang'anii utumbo mwembamba peke yake. Mara nyingi hukaa utumbo mpana, na kwa wanawake hata mji wa mimba. Binti yangu naye atapimwa. Nimemwambia mwenyewe, akiwa ameshika orodha ya waalikwa.

Barua yako ya gauni ilinikuta hapa. Wifi yako alinisomea kwa sauti, akacheka pale pa kuota mchuzi, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka humu. Mimi sikucheka. Nilikupima kwa mkono wangu, nikakukata kwa kipimo hichohicho. Mkasi wangu unaweza kukosea nusu ya kidole, nikiwa na homa. Haujawahi kukosea ngumi nzima. Halafu unaniambia unachoka ukifika kona ya posta. Wewe, uliyekuwa unawafukuza watoro mpaka sokoni!

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Mimi nilikishonea nguo, nikakipigia pasi, nikatoka nacho barabarani watu wakinisifu. Kila nilipobana mshono nilikuwa naficha kidonda, na wa kwanza kudanganyika ni mimi, maana asubuhi nilivaa, nikajitazama, nikaona kila kitu kinakaa.

Usilibane gauni. Likipwaya, liache lipwaye mpaka daktari akwambie kwa nini. Chukua barua hii, mpe aisome yeye, usimsimulie, maana utapunguza.

Mdogo wako,
Mkasi


3 Julai

Mdogo wangu,

Kumi kwa kumi. Sijawahi kumpa mtu maksi hizo, na sikufurahia kuzitoa.

Nimeinama juu ya karatasi hii mara nyingi. Ulinieleza kila kitu, nami sitakuwa mwalimu anayedai kazi asiyoifanya.

Ile Februari nilipokuamuru uende hospitali, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuona damu chooni. Nilijiambia ni bawasiri. Nilipokuuliza tumbo lako lina nini, nilikuwa nauliza langu. Nilitaka wewe uende, wewe uambiwe ni kitu kidogo, nami nipone kwa majibu yako. Ndiyo maana nilipolisoma neno "safi" nililisoma mbele ya picha ya Mama. Niliyaona majibu yale ni ya sisi sote wawili. Sikuanza kutembea asubuhi ili nipungue. Nilianza kutembea ili niwe na sababu ya kupungua.

Barua yako ilipofika sikwenda hospitali. Niliikunja, nikaitia mkobani, nikaenda kwa yule kijana mwenye redio. Gauni lilikuwa juu ya meza yake, kiunoni limejaa pini. Akaandika kwenye kiganja chake, kama anavyofanya ili nisome, halafu akaninyooshea: *Mwalimu nimelibana vizuri, hakuna atakayejua.*

Hakuna atakayejua. Nilisimama pale, mkasi wake ukiwa mbele yangu, nikakuona wewe na lile shati lililopasuliwa. Nikamwambia atoe pini. Akadhani sijaridhika na kazi yake. Nikazitoa mwenyewe, moja moja, nikampa mkononi.

Nilimpa daktari barua yako. Aliisoma yote, na pale pa mapindo mawili alitabasamu, kisha hakutabasamu tena. Mimi wangu mpira mmoja tu ulitosha, ule wa kukosa heshima, na sasa naelewa kwa nini ulinitaja jina. Upo uvimbe, kwenye utumbo mpana, upande wa kulia. Ni saratani. Ni mkubwa kuliko walivyotaka na mdogo kuliko nilivyoogopa. Kwenye picha ini langu halina doa. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu, nami sikumlazimisha.

Akasema upasuaji ni wiki ijayo. Nikafungua mdomo, Mkasi, na maneno yaliyokuwa ulimini ni haya: baada ya harusi. Yalikuwa tayari kabisa. Nikayameza.

Kwa hiyo sitakuwapo harusini. Nitakuwa kitandani kama wewe ulivyokuwa, na huenda sitaweza kusafiri kwa muda. Wewe nisubiri. Wewe mtoto wa mama yangu, nisubiri mpaka niweze kupanda basi. Najua si jambo lililo mkononi mwako. Nakuamuru hivyohivyo.

Gauni nalirudisha kwa jirani yuleyule. Litundikwe kwenye kiti changu cha mbele, kando yako, na lisiguswe mshono. Nawe vaa ile suti ya enzi za marehemu kitambi, iliyobaki nzima. Usiibane. Iache ikuning'inie begani na kiunoni, uingie nayo mbele za watu ukiwa umemshika binti yetu mkono.

Watu watauliza. Watoto wetu, binamu zetu, wale wa upande wa shangazi ambao hatujui wamepungua kiasi gani ndani ya nguo zao. Wakiuliza, usiwaambie tumbo. Waambie jina lake lote, na waambie limetoka wapi.

Dada yako,
Kengele